Bamba la Uvunguni

Jumanne, Izimbya

Nilikuwa sahihi kuhusu lile bamba, na leo hata Sista Anastazia, muuguzi wetu wa zahanati, amekubali.

Yeye alitaka chuma kifunike uvungu wote wa Landrova. Mimi ndiye dereva, nikachagua bamba fupi, la kukinga sampu tu, lile bakuli la oili chini ya injini. Huku watu wakiona tope barabarani wanatandika nyasi. Bamba refu lingezikusanya chini ya injini, na zikishakauka kwa joto la injini, zingeshika moto...

Mchana tulikuwa tunamwahisha mama mwenye uchungu hospitali Bukoba. Kwenye kona ya kisimani jiwe likagonga chini kwa kishindo. Niliogopa, sifichi. Nikashuka, nikalala kwenye tope, nikapapasa. Bamba limebonyea, lakini oili haikutoka hata tone. Mama amejifungua salama.

Tukirudi, nikamkuta mwenyekiti wa kijiji kwenye kona ileile. Kumbe mawe wameyaweka wanakijiji wenyewe, kazi ya kujitolea, ili gari la zahanati lisikwame.

“Jumamosi tunaongeza mengine, makubwa zaidi,” akaniambia, amefurahi kweli.

Nilimshukuru. Kesho naagiza bamba la pili.