Shanga za Kerubo

Jumatatu, 6 Januari 2025

Mwaka wa saba tangu nitoke Tanga nije huku ughaibuni. Kurudi, sijui.

Nimeamka gizani. Nimechoma sindano yangu ya wiki pajani, nimevaa fulana mbili, nimekwenda kiwandani. Mashuka ya hospitali ya kufuliwa, matoroli, mvuke. Mgongo unauma upande wa kulia. Nimerudi nyumbani Hopkins jioni, mke wangu Kerubo hayupo. Zamu yake kwenye nyumba ya wazee iliisha saa nane mchana. Ameniachia ugali na sukuma, vimefunikwa kwa sahani.

Karudi saa mbili usiku ananukia udi. Kwao Wakisii hawafukizi udi. Sikuuliza.

Alhamisi, 9 Januari

Tumelala tumepeana migongo. Ni hivyo tangu kabla ya theluji ya kwanza.

Kosa si lake. Nilizaliwa nikaitwa binti, Kerubo anajua, alinipokea hivyo hivyo. Kiwandani hajui mtu. Sindano zimenipa ndevu na sauti, nashukuru. Ila huko chini pamekauka. Akinigusa panachoma kama kidonda. Mara ya mwisho nilitokwa na damu kidogo. Nikamwambia nimechoka. Tangu siku hiyo nimechoka kila usiku.

Simwambii. Mwanamume gani anasema maneno hayo. Muuguzi wa kliniki naye huniuliza kila nikienda: mambo ya chumbani yanaendaje? Namjibu salama.

Omondi, Mluo ninayesukuma naye matoroli, alinisikia naulalamikia ule udi. Kanitania mbele ya watu: "Bwana Musa, bibi akianza kunukia na si wewe unanusa, jua kuna mwenye pua." Wakacheka. Nami nikacheka. Mchana kutwa sikula.

Jumamosi, 11 Januari

Nimezipata.

Nilikuwa natafuta chaja kwenye mkoba wake. Kitambaa kimefungwa fundo. Ndani shanga za kiuno, safu tatu nyeupe, moja nyekundu.

Lugha ya shanga naijua. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili walitaka kunioza. Makungwi wakanifungia ndani, wakanifunda niwe mke. Nyeupe, njoo. Nyekundu, ngoja. Wakanivika. Usiku wa kuamkia harusi nilizikata kwa wembe, zikamwagika chini ya kitanda. Nikatoroka nazisikia bado zinabingirika.

Kerubo ni wa Kisii. Kwao milimani hawana mambo haya. Mwanamke wa kwao havai shanga ila kwa mwanamume anayejua kuzisoma. Basi yupo mtu wa pwani. Na huyo akivua fulana hana wasiwasi.

Nimezirudisha vilevile, na fundo lake. Nimekaa namtazama anachemsha chai. Nimemchukia. Kisha akanipa kikombe changu chenye sukari mbili, nikashindwa kumchukia.

Jumanne, 14 Januari

Nimehamia Lakeville, chumba cha chini nyumbani kwa Omondi. Kerubo nimemwambia ni zamu za ziada. Akasema "sawa" bila kuniangalia. Hiyo sawa yake naishuku.

Nyumba kubwa, zulia kila mahali. Naoga nimeegemeza kiti mlangoni. Watoto wa Omondi nawaamkia kwa Kiswahili, wananijibu Kiingereza.

Kazi yangu sasa ni kuwapima wanaume wa pwani. Yule Mmombasa mwenye gari la kijivu, hucheka sana na wake za watu. Yule kijana wa Unguja, mrefu, anauza simu. Yule mjane wa Bagamoyo. Kila mmoja nimemweka mahali pangu kitandani. Kila mmoja ametosha.

Ijumaa, 17 Januari

Nimempigia Kerubo. Nasikia nyuma yake mwanamke anacheka, kisha mlango. Kasema yuko kazini. Wazee wake hawacheki vile.

Kesho nitajua.

Jumamosi, 18 Januari

Nilimngoja ng'ambo ya kituo, kofia hadi kwenye nyusi. Alipanda basi, nikapanda kwa mlango wa nyuma. Akashuka mtaa wa Phillips, akaingia jengo la matofali. Nikasimama nje. Baridi ya kukata masikio. Udi ulikuwa unanukia mpaka mlangoni.

Nilipanga kumkamata anatoka. Ngumi nimeshaikunja mfukoni. Mlango ukafunguliwa, akatoka Kerubo, na nyuma yake mama mtu mzima, kajitanda khanga juu ya sweta. Akanitazama juu hadi chini.

"Wewe ndiye mtu wa Tanga? Ingia, baba, utakufa na baridi. Mkeo huyu mzito wa kiuno, lakini ana bidii kuliko wari wa kwetu."

Jina lake Bi Mwatumu, wa Pangani. Ni kungwi. Hadi huku wapo.

Sikuingia. Kerubo alinivuta hadi kona ya barabara. Hakupiga kelele, heri angepiga.

"Miezi unanipa mgongo. Nikasema wacha niende kwa watu wa kwenu, niulize vile bwana wa kwenu anaamshwa. Na wewe unanifuata kama karao, kama mimi ni mwizi."

Nami, kwa roho mbaya yangu, nikauliza: "Ulimwambia nini juu yangu?"

"Hiyo ndiyo unauliza? Nilimwambia niko na mwanaume wa Tanga. Kwani nilidanganya?"

Kisha: "Usikuje nyumbani mpaka uwe na kitu ya kuniambia. Ya ukweli."

Basi likaja, akapanda. Akalipa nauli, hakugeuka.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda popote. Niliwakagua wanaume wa pwani wa mji mzima. Mimi sikujitia kwenye hesabu.

Najionea aibu. Bado sauti ndogo inaniuliza kama Bi Mwatumu kweli hajui kitu. Sauti hiyo imenilinda miaka mingi. Leo imenichosha.

Jumatano, 22 Januari

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda kliniki. Muuguzi akauliza swali lake lile lile. Nikamjibu pananiuma, panatoka damu, nimemkimbia mke wangu. Nilikuwa natazama viatu.

Hakushtuka. Amesema ni kawaida kwa wanaume kama mimi wanaotumia sindano. Daktari amenipima, ameniandikia dawa ya kupaka. Nikashuku: ni dawa ya kike, itanirudisha nyuma. Akasema ni kidogo, inabaki hapo hapo, ndevu zitakaa zilipo. Itachukua majuma kadhaa. Akasema pia kwamba mwili ni wangu, nisichotaka kisifanywe, hata kwa mapenzi.

Hilo hakuna kungwi aliyeniambia.

Ijumaa, 24 Januari

Theluji imeanguka kutwa. Omondi anakoroma juu.

Nimempigia Kerubo. Nimemwambia yote. Kuuma, damu, uongo wa kuchoka. Nikasikia analia. "Ungesema tu, Musa. Mimi nilidhani nimekuwa mbaya."

Nimemwambia pia habari ya wembe. Akauliza azitupe shanga. Nikasema hapana, yeye azivae akipenda, zimempendeza hata sijaziona mwilini. Mimi tu asinivike. Akacheka kidogo, akasema zinamkwaruza.

Nyeupe au nyekundu, tumekubaliana tutaulizana kwa mdomo.

Nimekunja shuka za Omondi. Kesho nina zamu. Nitarudi Hopkins Jumapili, akishatoka kanisani.