Mama, Tuweke Jiko la Kuni Lenye Bomba

Balambala,
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Pokea salamu za binti yako. Mimi ni mzima, jua la huku halijanimaliza, na ile homa ya mwezi uliopita imekwisha. Sasa niambie yako. Kifua kinaendeleaje? Kichwa bado kinakuuma ukiamka? Na miguu, bado inakufa ganzi asubuhi? Nijibu moja moja, maana nikimuuliza kaka Kamau kwenye simu husema tu kwamba uko sawa, kisha huyo anaingia habari za ng'ombe.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na jambo hili sitaki lipitie kinywani mwa mtu mwingine. Mwalimu mwenzangu amepewa ruhusa, anakwenda kwao Naivasha kesho, ameahidi kumkabidhi Kamau barua hii mkononi. Miwani yako mpya unayo, basi isome mwenyewe, polepole.

Ni habari ya jiko.

Najua mmezozana. Kamau anataka jiko la pelleti kama lile aliloliona kwenye hoteli anakopeleka maziwa. Unajaza tanki, unabonyeza kitufe, jiko linajilisha lenyewe. Wewe hutaki la pelleti wala la kuni. Unasema makaa yamekutosha miaka yote, na kwamba hakuna fundi atakayetoboa mabati aliyoyapigilia Baba. Fundi naye anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, ama aende kazi nyingine, na baridi kali haitamngoja.

Mimi nilikuwa upande wa Kamau, tena nilikuwa na sababu. Huku kuna mti wanaouita mathenge, jina la mjomba wetu, na kwa ukaidi hawaachani: ukiukata leo, kesho umechipuka. Umeziba njia za mifugo za kwenda mtoni, miiba yake inatoboa matairi, na mbuzi wakizoea maganda yake meno yanaharibika. Jirani yangu Habiba, ambaye binti yake yuko darasani kwangu, ana kikundi cha akina mama wanaoukata mti huo, wanausaga, na kuushindilia kwa mashine hadi unatoka vipande vidogo kama chakula cha sungura. Hizo ndizo pelleti. Wenye mikahawa huzinunua kupikia. Basi nikajiambia, mti unaowatesa watu wa huku utampasha Mama joto kule Kinangop. Nikaona kazi imekwisha.

Jana nilikwenda kwa Habiba kuulizia magunia. Akataka kujua ya nini, kwa kuwa mimi mtu mmoja napikia gesi. Nikamweleza yaliyokupata mwezi wa saba: ulivyolala na jiko la makaa chumbani, dirisha limefungwa, na Wambui alivyokukuta sakafuni asubuhi hujitambui, yeye na Kamau wakakutoa nje kwa blanketi. Habiba alinipa pole, kisha akamwita kaka yake Abdi aliyekuwa kwenye kivuli cha ukuta akinywa chai.

Abdi aliishi miaka kumi na miwili katika nchi ya theluji, akifanya kazi ghalani. Sasa amerudi, anaangalia ngamia wa familia yao. Aliniuliza maswali kama daktari. Nyumba ni ya mbao au ya mawe? Ina vyumba vingapi? Umeme wa kwenu hupotea? Nikamwambia ni ya mbao, vyumba vitatu, na mvua ikishika umeme unaweza kupotea siku mbili.

Basi akanisimulia. Kule alikokuwa, yeye mwenyewe alikuwa na jiko la pelleti, na hakulisema vibaya. Moshi kidogo, majivu kidogo, joto unalipima utakavyo. Lakini ndani yake mna feni, na mna chuma kinachozunguka kusukuma pelleti motoni, na vyote viwili vinakula umeme. Mwaka mmoja theluji iliangusha nyaya. Pelleti zilikuwa zimejaa magunia hadi mlangoni, na nyumba ikawa baridi kiasi cha maji kuganda kwenye birika. Yeye, mkewe na mtoto wao mchanga walihamia kwa jirani, bibi mmoja mzee mwenye jiko la kuni, wakalala sebuleni kwake siku tatu.

"Mwalimu," akaniambia, "hooyo yako akae na moto ambao haingoji stima."

Hooyo kwao ni mama.

Na Habiba, ambaye angeniuzia magunia nikaondoka nikishukuru, naye akaniongezea la kwake: "Hii yetu ikibata unyefu inafura, inakuwa unga. Huko kwenu kuna ukungu. Mimi sitaki kukuuzia kitu ya kukusumbua." Nilikuwa nimekwenda na pesa mkobani, nikarudi nazo.

Basi nimebadili mawazo, Mama. Tuchukue la kuni. Lakini si lolote. Abdi anasema watu wengi hukosea kwa kununua jiko kubwa. Chumba kikizidi joto wanalibana hewa, kuni zinafuka badala ya kuwaka, masizi yanajaa kwenye bomba, na siku moja bomba lenyewe linashika moto. La sebule yako liwe dogo, la chuma kinene, mlango wake ufunge barabara. Nyumba ni ya mbao, kwa hiyo likae juu ya mawe na liwe mbali na ukuta; fundi asikwambie hatua moja inatosha. Bomba lipande wima na kupita kilele cha paa, kwa sababu likipindapinda moshi unazubaa na kurudi ndani.

Kuni nazo ziwe kavu. Ile misaipresi aliyoiangusha Kamau mwaka jana nyuma ya zizi inafaa, ila aipasue sasa na kuipanga chini ya paa. Mkaratusi aliokata juzi usubiri. Kuni mbichi zinajichemsha maji yake tu, hazimpi mtu joto. Na hata jiko likiwa zuri namna gani, dirisha moja liachwe wazi kidogo. Hapo sitabishana nawe.

Sasa mabati. Sijasahau siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa Baba misumari, na niliposhuka alinitania kwamba nusu ya paa ni yangu. Lakini bati la nyuma, lile la juu ya kona ya sebule, si lake. La kwanza liling'olewa na upepo baada ya mazishi yake, Kamau akaweka jingine. Bomba litokee hapo. Hakuna msumari wa Baba utakaoguswa. Nimemwambia Kamau hayo, na habari ya umeme. Alinung'unika kidogo kuhusu kitufe chake, kisha akakubali. Limebaki neno lako, maana nyumba ni yako.

Kuna jambo lingine, na ndilo lililonifanya niikawize barua hii.

Ulimwambia daktari kwamba uliingiza makaa chumbani kwa akili zako mwenyewe. Ukawaambia vivyo hivyo watu wa kanisani, na Kamau. Si kweli. Jiko lile nililinunua mimi, na siku ile ulipolalamika baridi ni mimi niliyekwambia, "Liingize tu ndani, Mama, ulifunge dirisha." Mimi mwalimu, ninayewafundisha watoto sayansi. Juzi nilimpigia Kamau nikamweleza yote. Akasema:

"Nilijua. Siku ile ulipompigia Mama, Wambui ndiye aliyekuwa amemshikia simu, akayasikia."

Kwa hiyo mlinisitiri wote, kila mtu kivyake, na mimi nilikuwa huku nikiwatumia ushauri wa majiko. Nililia, Mama, kisha nikaenda kusahihisha madaftari. Nakuomba msamaha. Na nakuomba usiwaambie watu tena kwamba kosa lilikuwa lako, kwa sababu wapo wanaokuona umezeeka akili, nami siwezi kuendelea kusikia hilo na kunyamaza.

Nisalimie Kamau kaka yangu, na Wambui mkewe; huyo mwambie namdai mkono ili niubusu. Wasalimie wajukuu wako wote wawili. Mjomba Mathenge mpe salamu zake, lakini habari ya mti usimsomee. Shangazi Nyambura, dada yake Baba, mwambie dawa ya macho nimeipata. Habiba naye anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema Mungu akurefushie siku.

Shule zikifungwa nitakuja, na wiki ya kwanza ya jiko jipya nitalala chumbani kwako, kwenye godoro chini. Mpaka siku hiyo vaa sweta mbili, na makaa yakae jikoni nje.

Ni mimi binti yako,
Njeri