Askari wa Buluu wa Sule

Jumapili, mwezi wa saba, 1971. Kipupwe.

Tangu asubuhi kuna manyunyu na kibaridi, na mimi sina raha. Sule alikuja leo. Ameondoka sasa hivi tu, kikombe chake cha chai bado kipo mezani, na nimemwambia mke wangu, Bi Zuwena, asikiondoe kwanza. Kaniuliza kwa nini.

Nimemdanganya rafiki yangu. Naliandika mwanzo kabisa, nisije nikazunguka kurasa mbili nikajisahaulisha, maana najijua.

Sule ni Suleiman, tuliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani hapa Mkunazini, tukaitwa pacha ingawa yeye mrefu na mimi mfupi. Wenzetu walipokuwa wakishindana kwa bao, keram na dhumna barazani, sisi wawili tulikuwa na mchezo wetu wa vita tulioubuni wenyewe. Barazani wakituita watu wazima wanaocheza na wanasesere. Wacha waseme. Hawakujua utamu wake.

Mimi ni mpanga herufi kwenye kiwanda cha chapa. Herufi za madini ya risasi zikichakaa hutupwa kwenye ndoo, na msimamizi alikuwa akiniachia nichukue. Sule akaokota ufukweni ule mfupa mweupe wa dome, jamaa ya ngisi, ambao masonara huchongea kalibu zao, akachonga ndani yake umbo la askari mwenye bunduki begani, na mimi nikayeyusha risasi nikamimina. Askari wa kwanza alitoka bila kichwa. Tulicheka mpaka mama yake, Mungu amrehemu, akaja kuchungulia kuna nini. Baadaye tukaweza. Tulifika askari thelathini kila mmoja, wangu nikiwapaka wino mwekundu wa chapa, wake akiwapaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye mlango wa nyumba yao.

Meza ilikuwa ile ya kukatia nguo ya marehemu baba yangu. Tulichora mto, tukaweka daraja la vijiti, na kila mtu akawa na ngome yake, kisanduku cha kibiriti. Unarusha dadu, ikileta nne kikosi chako kinasogea vidole vinne. Vikosi vikikutana, mwenye dadu kubwa humrudisha mwenzake nyuma na kumpunguzia askari. Anayeifikia ngome ya mwenzake ndiye mshindi.

Lakini tulikuwa na sharti moja, na sharti hilo alilileta Sule. Mchezo hauishi mpaka aliyeshindwa atamke mwenyewe, kwa sauti: "Umeniweza." Bila neno hilo askari hawaondolewi mezani, hata zipite siku kumi.

Sule alikuwa akilisema kama anavyosema hujambo. Akishindwa anacheka, "Umeniweza bwana, haya panga tena." Mimi neno hilo lilikuwa likinikwama kooni. Sijui nimeumbwaje.

Mchezo wetu wa mwisho ulikuwa mwaka sitini na tano, wiki chache kabla hajasafiri. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda Ujerumani ya Mashariki kusomea mitambo ya meli. Siku ile alinipiga vibaya. Buluu zake zilikuwa zimeshavuka daraja, vidole vinne tu kufika ngome yangu, na mimi nimebakiwa na askari watatu. Akakunja mikono, akanitazama, anangoja nitamke. Ikaadhiniwa magharibi. Nikasema, "Tukasali, tutamaliza kesho."

Kesho nikasema kichwa kinauma. Keshokutwa nikasema kazi nyingi. Mpaka siku ya safari mchezo ukawa umesimama palepale. Tukaandika kwenye karatasi kila askari yuko wapi, nakala yake na nakala yangu, tuendelee kwa barua. Bandarini wenzake wote walikuwa wanalia na jamaa zao. Yeye ananipungia mkono, anapiga kelele, "Zamu yako! Usisahau!"

Wiki ileile shemeji yangu Makame, kaka yake Bi Zuwena, alikuja kutoka Fumba na samaki. Yeye ni mvuvi. Akawa analalamika kwamba risasi za kutilia uzito kwenye nyavu hazipatikani. Nikainuka nikachukua kopo la biskuti lililokuwa na buluu zote thelathini za Sule, nikampa.

Nilimpa hivihivi. Hata hakuniomba.

Bi Zuwena akaniuliza, "Mbona vya watu hivyo?" Nikamwambia siku hizi watu wanapekuliwa majumbani, wakikuta majeshi na ramani mezani nitasema nini? Akanitazama. "Basi na hivyo vyekundu vyako mpe." Nikamkaripia, nikamwambia mambo haya hayajui. Astaghfirullah. Alikuwa ameshanijua kuliko ninavyojijua, na mimi nikamfokea mbele ya kaka yake.

Mtu anayeogopa hutoa vyote. Mimi nilitoa vya Sule, nikabaki na vyangu. Sikuwa naogopa upekuzi wala nini. Nilikuwa sitaki kuziona zile buluu zimesimama vidole vinne kutoka ngome yangu.

Barua zikaanza. Sule alikuwa anaandika kurasa mbili, tatu. Ananieleza theluji inavyofika magotini, mikate migumu, mwenzake wa chumbani aliyerudi Dar es Salaam akamwacha peke yake. Mwisho kabisa ndiyo anaandika dadu yake imeleta ngapi. Na mimi nilikuwa naruka kurasa zote, nakwenda mwisho kutazama dadu! Halafu namjibu mistari minne. Wekundu wasogee vidole sita. Salamu.

Dadu yenyewe sikuirusha hata mara moja. Ya nini, na meza haina adui? Nilikuwa nakaa na karatasi yangu nachagua tu. Sita. Nikiona haya, tano. Kisha tena sita.

Iko barua moja nimeitoa leo nikaisoma upya. Ameandika: "Nimelazwa hospitali wiki ya tano sasa, kifua kinanisumbua. Dadu imeleta mbili. Kikosi cha daraja kisogee vidole viwili." Nakumbuka nilichomjibu, maana nakala niliiweka. "Nimepata sita. Daraja nimelichukua."

Hata pole sikumpa. Mtu yuko hospitali ya ugenini, kifua kinamuuma, na mimi nimechukua daraja.

Barua ya kumi na moja nikamwandikia kwamba ngome yake nimeifikia, kwa hiyo aseme. Jawabu lake lilikuwa fupi kuliko yote. "Umeniweza, ndugu yangu. Nisalimie nyumbani." Loo, nilivyofurahi! Niliichukua barua ile nikaenda nayo barazani, nikawasomea hata wale waliokuwa wanatucheka. Nikaikunja nikaitia mfuko wa kanzu, nikatembea nayo wiki nzima.

Sikumjibu. Mchezo si umekwisha? Miaka miwili sikumwandikia mstari mmoja.

Jumatatu iliyopita dada yake akanipitishia habari kwamba Sule amerudi, yuko kwake Kiembe Samaki, na Jumapili atakuja kunitazama, ana hamu ya kuiona meza. Usingizi ukanipaa. Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari la Fumba.

Makame nilimkuta anashona wavu. Nikamuuliza wale askari wa buluu wako wapi. "Wale? Shemeji, wavu ulinasa mwambani mwaka juzi, ukakatika wote ukaenda nao. Huyu mmoja tu nilimtia kwenye kipande hiki." Akamkata uzi akanipa. Buluu yote imetoka. Bunduki hana, uso hana, amelika na mchanga mpaka amekuwa laini, na katikati ya kifua ana tundu. "Nilimtoboa hapo," Makame ananieleza kwa nia njema kabisa, "maana ukimfunga shingoni hakai."

Leo baada ya alasiri Sule akapiga hodi. Amekonda, amevaa miwani, na anakohoa kikohozi cha ndani kabisa. Tukakumbatiana mlangoni. Bi Zuwena akaleta chai na vileja. Sule akaingiza mkono mfukoni akatoa kikopo kidogo cha rangi na brashi nyembamba, akaviweka mezani mbele yangu. Rangi ya buluu.

"Nimewaletea askari wangu," akasema. "Najua watakuwa washachujuka. Wako wapi?"

Sikuweza kumtazama. Nikamtoa yule mmoja mfukoni nikamweka kando ya kikopo. Kisha nikamwambia uongo uleule niliomwambia Bi Zuwena. Kwamba niliogopa. Kwamba walikuwa wanapekua. Kwamba nilimpa Makame kuwaficha kwenye nyavu, si kuwapoteza. Maneno yalikuwa yananitoka mengi, na kila nikiongeza nilizidi kujisikia mchafu.

Sule akamchukua askari, akampitisha kidole gumba kwenye tundu la kifua. Akatazama juu ya kabati nyuma yangu.

"Hofu ni hofu, bwana," akasema. Halafu akacheka. "Na dadu je? Nayo ilikuwa inaogopa? Sita, sita, tano, sita! Dadu gani hiyo isiyojua mbili?"

Uso ulinishuka. "Kumbe ulijua?"

"Tangu barua ya tatu."

"Mbona hukusema?"

Akakohoa kwanza, akanywa fundo la chai. "Ningesema ungeacha kuandika. Kule wakati mwingine unakaa mwezi mzima husikii neno la Kiswahili. Barua yako hata ikiwa na sita tupu, ilikuwa barua. Kosa nilifanya mimi, kusema umeniweza. Nilivyosema tu, ukanyamaza."

Hakuyasema kwa hasira. Afadhali angenitukana, ningejua la kumjibu. Aliyasema kama mtu anayeeleza bei ya sukari, kisha akamuuliza Bi Zuwena vileja kavitengeneza vipi, akamsifu, akala cha pili. Akaamka. "Nnakwenda, dada anningoja." Nikamsindikiza mpaka mwisho wa kichochoro. Kikopo cha rangi alikiacha.

Niliporudi nikakaa kwenye kiti alichokalia yeye, si changu. Nikainua macho.

Juu ya kabati, wamesimama askari wangu wekundu thelathini, safu mbili, wanametameta. Nimewapangusa vumbi mwenyewe juzi Ijumaa kama kawaida yangu, wala sikufikiri. Sule alikaa hapa nusu saa nzima anatazamana nao, na mimi ninamwapia kwamba niliogopa kukutwa na askari nyumbani.

Hofu ni hofu. Alisema huku anawatazama.

Kwa hiyo anajua. Amejua na la dadu na la askari, na bado amekula kileja akanipa mkono. Mimi ndiye niliyemwekea mwenzangu kinyongo miaka sita kwa neno moja lililonishinda kulitamka, na neno lenyewe akalitamka yeye, ambaye hakushindwa.

Kesho kabla ya kwenda kazini nitapita Kiembe Samaki. Sitakwenda kusimulia habari za upekuzi tena. Nitamchukulia wekundu wangu wote, awapake buluu akitaka, na nitamwambia ukweli, kwamba siku ile kabla ya adhana nilikuwa nimekwisha, na nilijua. Na hicho kifua nitamuuliza kinaendeleaje. Nitamuuliza hilo kwanza.

Neno lenyewe nimelijaribu sasa hivi, peke yangu, na kalamu mkononi, lisije kesho likanikwama mlangoni kwa watu. Mara ya kwanza halikutoka. Mara ya pili likatoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka.

"Umeniweza!"

Bi Zuwena akaitikia kutoka jikoni, "Nani kakuweza?"

"Sule," nikamjibu. "Tangu mwaka sitini na tano."