Magurudumu Machoni mwa Mama

Jumatatu, 7 Machi 1983. Ngokolo.
Nimewaandikia watu barua za maombi tangu asubuhi. Mteja alitaka "naomba tu". Nimempa "naomba kwa unyenyekevu". Tofauti ni kubwa.
Mama ameona tena magurudumu ya nuru, kisha masega ya nyuki, kisha kichwa kikamwuma. Baba Mdogo Masanja amemsikia akisimulia. Jumapili ukoo utakaa, na mpiga ramli atasoma matumbo ya kuku aseme kama Mama ni mchawi. Macho ya Mama ni mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe. Huku kwetu vikongwe wa macho mekundu huitwa wachawi na kukatwa mapanga. Ninaogopa.

Jumatano, 9 Machi.
Nimemsimulia Mwalimu Kulwa, afundishaye hisabati sekondari; hakunicheka. Anasema wapo wataalamu waandikao milinganyo ya maono haya haya! Seli ya ubongo iliyoamka huwaamsha jirani zake wa karibu na kuwanyamazisha wa mbali. Mizani hiyo ikivurugika, mistari sambamba hujipanga yenyewe mahali ubongo upokeapo habari za macho. Lakini ramani ya jicho humo imepindwa: katikati imekuzwa, pembeni imebanwa. Kilichonyooka ubongoni huonekana duara, au mzunguko kama wa gamba la konokono.
Nimerudi nikikimbia. Mtu wa umri wangu!

Alhamisi, 10 Machi.
Nimechora mwenyewe kwa jedwali la logi. Mistari iliyonyooka imezunguka! Nimepiga ukelele, mbuzi wa jirani wakatawanyika. Mama hana pepo. Ana hesabu.

Jumapili, 13 Machi.
Nilikosea. Kikaoni nilianza na milinganyo, kwa Kiswahili sanifu kabisa. Wakapiga miayo. "Barua za watu zimemchanganya," akasema Baba Mdogo. Mpiga ramli akashika kisu.
Nikaacha ufasaha. Nikawaambia: fumbeni macho, yabonyezeni taratibu kwa viganja, ngojeni.
Wakabonyeza.
"Masega," akanong'ona Baba Mdogo.
Shangazi akaangua kicheko. "Haya, Masanja, mchawi mwenzetu! Tuanze na wewe?"
Wote walikuwa wameona. Hata mpiga ramli. Hoja ya uchawi imeondolewa mbele ya ukoo mzima. Kuku ameliwa kwa ugali. Matumbo yake hakuyasoma mtu. Furaha yangu haina kipimo.

Jumatatu, 14 Machi.
Nimenunua mkaa, moshi upungue jikoni.
Mama ameutazama mchoro wangu kwa muda mrefu.
"Magurudumu yangu huzungukia kushoto, ng'wanone," amenisahihisha mimi mwanawe.
Nimechora upya.