Vifungo Saba

4 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila magoti yangu yanalalamika kila nikiona ngazi. Binti yako Kinanda bado anaimba mpaka majirani wanagonga ukuta.

Jana nilimpeleka kwenye kikundi cha tiba tulikotumwa na shule. Watoto sita wanakata karatasi, wanatunga shanga, wanaruka kwa mguu mmoja, na dada mtaalamu anaandika alama ajue nani yuko tayari kwa darasa la kwanza. Kinanda kafanya vizuri kote, isipokuwa kwenye vifungo. Alipewa kizibao, akakitazama weee, kisha akakivaa kupitia kichwani. Sifuri! Asipoweza kujivalisha kufikia Desemba, atasubiri mwaka mzima. Nimeumia.

Mama yako

12 Oktoba

Shikamoo Mama,

Pole na magoti. Mimi mzima, kazi tu. Usinune nikikuambia: nimepekua picha zote ulizonitumia, kila gauni la Kinanda ni la mpira wa kuvutika. Fundi cherehani kwa miaka thelathini, na mjukuu wako hana nguo yenye kifungo hata kimoja! Kikulacho ki nguoni mwako, Mama.

Mwanao

20 Oktoba

Mwanangu mkorofi,

Marahaba. Salamu zimefika na kijembe chake. Nimecheka, halafu nikalia kidogo. Ulipoondoka kwenda kazi ya mbali, Kinanda alikuwa analia kila asubuhi, nami sikutaka nguo nayo imsumbue.

Sasa nimemshonea gauni la vifungo saba, vikubwa kama vizibo vya soda. Mtaalamu kaniagiza, mtoto akivaa, nikalie mikono yangu nisimsaidie. Naikalia, na ni adhabu.

Mama yako

18 Novemba

Shikamoo Mama,

Mbona kimya? Au bado umeikalia mikono?

Mwanao

6 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, nisamehe. Niliogopa kuandika kabla ya majibu.

Jana wamempima tena. Akiwa na gauni lake, alifunga sita huku anaimba, cha saba hakikuwa na tundu, alianza vibaya. Nikainuka. Mtaalamu akanitazama, nikaketi. Kinanda akafungua vyote, akaanza upya kutoka chini. Saba! Kisha akamgeukia mwenzake akaanza kumfungia, mpaka akasihiwa aache, maana mwenzake naye alikuwa anapimwa. Januari anaingia darasa la kwanza!

Leo asubuhi nilinyoosha mkono kwenye kola yake, akaniambia, "Bibi, kaa." Nikakaa. Nina furaha, ila mikono yangu haijui pa kwenda.

Ukija likizo vaa nguo ya vifungo. Amesema atakufungia yeye, na wewe utakalia mikono yako.

Mama yako