Kona ya Nguzo

Jumamosi, 3 Juni 2023

Nimetoka kwa Waldemar hasira zimenifika kooni. Miaka sita tunacheza vita vyetu vya mezani – ramani ya miraba, kete, visanamu – na siku hizi Waldemar ndiye mwamuzi, mazimwi yote ni yake. Leo Yurleidy, mpenzi wake mpya kutoka Kolombia, kampitisha mpiga mishale wake mshazari, kwenye kona kabisa ya nguzo ya mawe. Wakati kanuni yetu ni ileile tangu siku ya kwanza: kona ya jiwe haikatwi, unazunguka! Nikasema. Waldemar: mwache bwana, mgeni huyu.

Mgeni! Mimi siku yangu ya kwanza nani aliniachia?

Kimoja tu kilinichekesha. Kibuyu cha yerba, chai yetu ya mrija tunayopokezana mezani, kilipomfikia, Yurleidy kanywa, karudisha, kasema asante. Basi – hakupewa tena. Kakaa anakodolea macho chupa ya maji moto mpaka Rubén, mchezaji mwenzetu, akamhurumia: dada, hapa Paysandú ukirudisha kibuyu ukasema asante, umejitoa.

Jumanne, 6 Juni

Nimeuliza kwenye kundi letu la simu: kona inakatwa au haikatwi? Waldemar kajibu kwa ujumbe wa sauti, mdomo umejaa mkate. "Nélida, shangazi wa kanuni! Nikisema inakatwa, inakatwa." Rubén kaweka kikatuni kinacheka. Mnafiki.

Sawa. Inakatwa. Nimeshika neno.

Jumamosi, 10 Juni

Niko chooni kwa Waldemar. Nimejifungia.

Bruma amekufa. Kisanamu changu, tabibu wangu, miaka sita! Amewaponya wote pale mezani, na Waldemar mwenyewe zamani alipokuwa akicheza upande wetu.

Zimwi nyuma yake, mlango mbele, nguzo katikati. Hatua anazo sita. Nikikata kona zinatosha. Nikizunguka nahitaji saba. Nikakata. Waldemar akakirudisha kisanamu kwa kidole kimoja, kama anasukuma makombo.

"Jiwe ni jiwe, bibie. Zunguka."

"Na wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita imepita."

Yurleidy mwenyewe kasema, lakini mimi si nilipita hapohapo? Kaambiwa anyamaze. Nikazunguka, nikabakiza mraba mmoja kuufikia mlango. Kete ya zimwi ikaanguka. Kwisha. Wala hakuona aibu – kanipa kibuyu, anatabasamu, eti kunywa upoe.

Namchukia. Nimeandika, na sifuti.

Nikanywa mpaka mrija ukakoroma. Nikamrudishia, nikamtazama machoni.

"Asante."

Rubén aliacha kutafuna. Hata Yurleidy safari hii alielewa.

Sasa Rubén yuko mlangoni, anagonga polepole. Nélida, we Nélida. Waldemar kamtuma aniulize: ile ilikuwa asante ya adabu tu, au asante yenyewe?

Bruma yuko mfukoni mwangu. Rubén anagonga tena. Naendelea kuandika.