Majani Niliyoyapaka Olbalbal

Karatu, Jumanne asubuhi

Mdogo wangu Upendo,

Kabla hujaendelea, mpe Mama shikamoo yangu, maana nakujua, ukishaanza kusoma humkumbuki mtu. Goti lake linaendeleaje? Na kikohozi chako kimeisha? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii.

Umeniuliza utumie programu gani kutengeneza picha za mapishi kwenye blogu yako. Hiyo ya bure iliyo kwenye simu yako inatosha. Pigia picha karibu na dirisha, jiko la Mama lina giza. Nyoosha iliyoinama, kata vya pembeni (ndala yako nimeiona mara mbili!), ongeza mwanga kidogo, basi. Picha halisi usiifute kamwe. Rangi ndiyo uiogope. Nitakueleza kwa nini, ila sehemu hii usimsomee Mama.

Wiki mbili zilizopita mpiga picha wetu alirudi na picha za Olbalbal, ile nyika iliyo chini ya milima ya kreta. Vumbi tupu. Bosi akauliza ni mgeni gani atapanda ndege kuja kuangalia vumbi. Naijua kazi yangu, Upendo, na kiburi nilikuwa nacho. Rangi ya njano nikaisogeza mpaka ikawa kijani. Maji nikayatoa kwenye picha nyingine, ya ziwa la ndani ya kreta, nikayapandikiza mbele ya migunga. Tukaiweka kwenye blogu ya kampuni, wote wakanipongeza.

Mlinzi wetu wa getini anaitwa Loserian, Mmasai mpole, ndiye aliyenibebea kitanda nilipohamia hapa. Siku hiyo alipita ofisini, akaiona picha hiyo kwenye kompyuta yangu.

"Dada, hii si Olbalbal? Ya lini?"

"Ya juzi," nikamjibu bila kugeuka.

"Engai, Mungu wetu, ametukumbuka, mvua imenyesha! Kaka yangu anatafuta pa kuhamisha ng'ombe. Nitumie hiyo picha."

Nikamtumia. Niliona aibu kumwambia kwamba yale majani ni ya kwangu. Tena nilijua wafugaji wa Kimasai hawahami kwa maneno matupu, lazima kwanza mtu atangulie kwa miguu akakague malisho, ndipo mifugo ifuate. Nikasema moyoni, atakayetangulia ataona mwenyewe.

Siku nne baadaye Loserian akanijia anacheka. Kaka yake ameshateremka na ng'ombe wote, mke na watoto. Hawakumtuma mtu kutangulia. "Wa nini, dada? Picha imetangulia."

Tangu hapo simu ya kaka yake haipatikani. Loserian anasema huko mtandao ni shida, na mimi naitikia kwa kichwa. Mwoga mkubwa mimi. Kila asubuhi ananiuliza, "Dada, iko picha mpya ya huko?" Jana hakucheka alipouliza.

Nisalimie kaka Elibariki na ng'ombe wake wa maziwa, na shangazi mshonaji, mwambie gauni lake ndilo navaa kanisani. Mama mwambie tu niko salama.

Mchana

Nilikuwa nimeshakunja barua, nimeifungua tena. Mpiga picha amerudi sasa hivi. Amepita Olbalbal. Kwenye picha yake moja, nyuma ya gari la wageni, kuna vitu vyeusi vimelala kwenye vumbi, nikadhani ni mawe. Nimevuta karibu. Ni ng'ombe, Upendo. Mmoja ana kengele shingoni na pembe moja iliyopinda kuelekea chini. Loserian amenisimulia habari za dume hilo la kaka yake mara nyingi, alilichunga mwenyewe tangu ndama. Watu hawaonekani. Nimetafuta kona zote za picha, sijaona mtu hata mmoja.

Bosi amesimama nyuma yangu, akasema, "Ondoa hiyo mizoga, weka kijani kama ile ya kwanza." Kazi ya dakika kumi. Mkono umekataa.

Loserian na wenzake wakiondoka sasa hivi kwenda kumtafuta kaka yake na familia, huenda wakawakuta hai. Lakini Loserian lazima aambiwe, na wa kumwambia ni mimi. Nimeziweka picha zote mbili kwenye kioo cha kompyuta, ile ya uongo kando ya hii. Niombeeni. Natoka kwenda getini kumwita.

Dada yako,
Aneth